Nilivyomwangusha Wakesho kwenye kona

Jumapili

Bado nasema angenieleza vizuri zaidi.

Jumamosi ijayo binti yangu Wakesho anashindana mbio za pikipiki kule Mwatate, msichana pekee kati ya wanaume, na Kaloleni nzima inajua kwa sababu nimewaambia. Leo tulipotoka kanisani nikamwambia anibebe, nione anavyokata kona.

"Mama, nikilala kushoto na wewe lala kushoto. Usinipinge."

Nikamjibu nimepanda boda na gunia la mahindi mapajani, sifundishwi kukaa.

Kona ikafika. Mtoto akatoa makalio nusu nje ya kiti, goti likashuka karibu liguse barabara. Mimi nikaona anaanguka. Nikamshika jaketi, nikaegemea upande wa pili kwa uzito wangu wote, na uzito wangu si wa mchezo. Pikipiki ikakataa kugeuka, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye ua wa michongoma wa jirani yangu Mama Mghoi. Huyo huyo niliyemwambia jana kwamba binti yangu hajawahi kuanguka.

"Kumbe bingwa naye huanguka," akasema, akinichomoa miiba.

Wakesho alikuwa anafuta vumbi. Uso wake sikuupenda.

"Hajaanguka," nikasema. "Mimi ndiye nimemwangusha."

Sijawahi kumkubalia yule mama kosa lolote, tangu tuwe majirani.

Jumamosi nitasimama mahali barabara imenyooka. Kwenye kona naogopa, nitamvuta hata kwa macho.