Programu Iliyoingia kwa Jina Langu

Amman, Ijumaa

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Baba hapo Irbid. Goti lako linaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka kabatini kusubiri wageni? Mimi mwili ni mzima, ila kichwa, wallahi, sikielewi. Ningekupigia simu, lakini sauti yangu ingekwambia kuna jambo kabla sijamaliza salamu.

Nilikwambia kliniki yetu ya figo imeanza kutumia programu, na wagonjwa wa kusafishwa damu wanapangiwa zamu humo. Zamu zenyewe zinakaa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa, na programu ikitaka kuingia ghalani lazima ijitambulishe. Ustadh Munther, mkurugenzi wetu, aliniachia mimi nichague itajitambulishaje. Haya, balaa likaanza! Laith, mwenzangu anayesimamia mitambo ya kompyuta, alisema mtambo wenyewe uitambue programu, pasiwe na neno la siri la kuibwa. Ustadh akashtuka: mlango gani huo usio na ufunguo, kwani sisi duka la falafel? Yeye alitaka kila karani aingie kwa jina lake. Makarani nao wakang'aka, wakauliza kama na chooni watajiandikisha. Nikasoma, nikauliza, nikarudi palepale. Leo naona Laith yuko sawa, kesho Ustadh. Laith akawa ananitania kwamba hata shawarma naichagua saa nzima.

Jumapili iliyopita asubuhi, programu ikagoma. Zamu hazionekani, haijulikani nani anaingia mashine ipi. Mzee mmoja wa Zarqa, Abu Suhaib, alikaa kitini kwa muda wa saa nne, miguu imevimba, mpaka pumzi ikambana akakimbizwa hospitali. Alhamdulillahi, yu hai. Asubuhi ileile Laith alikuwa ameugusa mtambo, basi lawama zote zikamwangukia. Ustadh alimfokea mbele za watu kwamba mikono yake haitulii, akamsimamisha kazi. Mimi nikaketi dakika tano tu, programu ikafufuka. Watu wakapiga makofi, Hayfa kaokoa jahazi! Jumatatu nikapewa kiti cha Laith.

Laith anaoa baada ya Idi. Sasa baba mkwe amesema hamwozeshi bintiye mtu aliyesimamishwa kazi. Jana Laith alinipigia simu. Hakumlaumu mtu. Aliniomba nimsaidie kujua kosa lake lilikuwa lipi, maana amelitafuta hadi ameanza kuamini kwamba kweli alifanya jambo akalisahau. Akasema mtu pekee aliyebaki anayeweza kumwamini ni mimi.

Mama, kosa si lake. Nilipochoka kuchagua, niliiacha programu iingie kwa jina langu na neno langu la siri, nikijiambia ni wiki moja tu. Hapa kila baada ya miezi mitatu tunalazimishwa kubadili maneno yetu ya siri. Jumapili ile nikabadili langu, nikanywa chai, wala sikukumbuka. Programu ikabaki inabisha hodi kwa neno la zamani, ikafungiwa nje; zile dakika tano zangu nilikuwa naipa neno jipya tu. Nilijua kabla Abu Suhaib hajabebwa, nikanyamaza. Hata pale Laith alipokuwa akifokewa nilinyamaza. Kwa nini? Niliogopa, basi.

Utakapoisoma barua hii nitakuwa nimeshamwambia Ustadh, Laith akiwepo. Sijui atanifanya nini, na Laith sijui atanitazamaje. Huenda nikarudi nyumbani na masanduku yangu. Ile halua ya knafe uliyowagawia majirani kwa furaha ya cheo changu, mama, cheo chenyewe kilikuwa cha mtoto wa mwenzio. Wakikuuliza, usinitetee.

Baba msomee mwenyewe, polepole, akishakula. Nibusie mikono yake, na Mungu akupe nafuu ya goti.

Mwanao, niliyekuaibisha,
Hayfa