Bafta ya Mama Niliyoichana

Riruta Satellite, Nairobi

Dada yangu Zuhura,

Salamu zikufikie hapo Malindi, wewe na wote wa nyumbani. Mimi mzima, na barua yako nimeipata. Mama leo vipi? Anakula? Umeandika kwamba hainuki tena kitandani, na ameulizia mara mbili sanda yake, ile bafta aliyoletewa na hujaji kutoka Makka, ikaachwa kwangu niilete. Ipo, Zuhura. Ngoja kwanza nikueleze.

Jina langu hapa mjini unalijua. Ukisema fundi Salimu, hata askari wa barabarani husimamisha magari. Basi bibi mmoja Mkorea, mke wa daktari, anakaa Karen, akaniletea gari na dereva. Kwao wanawake huunga vipande vya vitambaa vyembamba, vikubwa kwa vidogo, wakapata kitambaa kimoja cha kufungia vitu vya heshima. Mshono wake hauna mbele wala nyuma. Ukikitundika dirishani, mwanga wapenya na mishono yabaki kama mistari ya wino. Nikamwambia kazi hiyo nimeifanya tangu utotoni.

Alitaka nimsaidie kuchagua. Tukapita Biashara Street duka kwa duka, Wahindi wananipigia saluti. Kila kitambaa anakikunja ngumini, anakiachia, anakiinua juani. Hariri: "Inateleza." Tetroni: "Hii imekufa." Samawati alipata, na waridi, na kijani, lakini nyeupe ya katikati hakupata. Mwisho akasema, "Fundi, Nairobi hakuna nyeupe ya kweli."

Mbele ya watu wote dukani! Nikamjibu, "Madamu, mimi ninayo."

Nilidhani shibiri moja haitajulikana. Nikarudi kazini nikafungua sanduku lenye sanda ya mama, kafuri ikanipanda puani, nikaichana kwa mkono bila mkasi, kama sanda inavyochanwa. Mlio ule ungali masikioni. Njoroge, fundi mwenzangu, akasimamisha cherehani.

"Wee Salimu, hiyo kitambaa inanuka mazishi. Umetoa wapi?"

"Shona suruali yako."

Akacheka, kisha akahamishia kiti chake mlangoni. Na shibiri moja haikutosha. Nikachana tena, mara mbili.

Siku ya tatu barua yako ikafika.

Nikaenda Karen kwa miguu. Nikaikuta imeshashonwa, katikati kabisa. Nilipomweleza, yule bibi akaweka sindano chini. "Hii ni ya mama yangu," akasema. "Kwetu, kuunga vipande vingi ni kumwombea mtu maisha marefu." Kisha akashika mkasi. "Nifumue?"

Kufumua niliogopa, kuacha niliogopa. Nikamwambia aache. Njia nzima nilijiuliza siku za mama yangu nimemwachia mama wa nani.

Nimenunua bafta nyingine, nimeitia kafuri. Lakini hii haikuchovywa maji ya Zamzam kama ile ya Makka, na mama ataijua akiipitisha vidoleni. Ile yake siwezi kuiunga. Sanda haitiwi sindano. Imebaki fupi ilivyo.

Sasa nifanyie jambo moja. Umesema mama amepungua sana. Usimpime yeye, Zuhura, wala kamba isikaribie kitanda chake. Ngoja siku ya kufua, upime gauni lake likiwa limeanikwa, toka shingoni hadi chini, ongeza shibiri mbili za kichwa na za kufungia, uniandikie upesi. Kama ile fupi itatosha, nitaileta na mama asijue. Kama haitoshi, nitakuja nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe, wala sitatia chumvi.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mwalimu wetu wa chuoni kama angali anaona. Shangazi wa chumba cha uani mwambie aniombee, ila usimwambie ni la nini. Wapwa zangu wabusu. Mama mbusu mkono, na akiuliza tena, mwambie Salimu yuko njiani.

Kaka yako anayengoja kipimo,
Salimu