Andika Plizi, Baba

Utange, 3 Mei 1948

Mwanangu Kahindi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa mamako. Kifua kimembana tangu mvua zianze, na sasa hata uji haupiti. Anataka kukuona. Barua hii anakuletea binamu yako Kalama, anayekuja huko Changamwe kuuza korosho. Njoo upesi, urudi naye.

Babako,
Ngumbao

Changamwe, 6 Mei 1948

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Kalama amerudi peke yake, na nitakwambia kwa nini. "Njoo upesi, urudi naye." Hivyo ndivyo anavyoandikiwa mtu wa ofisi? Bwana wangu ni Mzungu, ofisi nzima yake, na haniambii "lete chai". Husema, "Erastus, plizi." Ni neno la kuomba kwa heshima, hata mdogo akiambiwa hujiona mtu. Barua yako niliisoma mbele ya wenzangu wakacheka, nami niliona haya. Ukitaka nije, niandikie vizuri, uweke plizi. Si jambo kubwa.

Mpe mama pole.

Mwanao,
Erastus Kahindi

Utange, 8 Mei 1948

Mwanangu,

Hujambo? Mamako hawezi kukaa tena, tunamwegemeza. Neno lako nimemuuliza Kefa, mwalimu wa kanisa. Kasema ni tafadhali. Tafadhali tunayo. Namwambia mgeni, namwambia mwenye kisima ninapokwenda kuteka maji. Mtoto niliyemfunza kutembea simwambii. Kwetu mzazi akimbembeleza mwanawe, watu huuliza ni laana gani imeingia nyumbani. Na huyo Bwana wako akisema plizi, wewe waweza kumkataa? Kama huwezi, amekuamuru tu, ila wewe umefurahi.

Njoo, Kahindi. Kila mlango ukilia, mamako huuliza kama ni wewe.

Babako,
Ngumbao

Changamwe, 10 Mei 1948

Baba,

Shikamoo. Nasikitika mama hajapata nafuu. Ubishi wote huu kwa neno moja. Mimi bado nangoja.

Mwanao,
E. Kahindi

Utange, 11 Mei 1948

Mwanangu,

Plizi njoo. Mamako ndiye kaniambia niandike. Nilikataa, akalia, nami tangu nimuoe sijamwona akilia. Plizi.

Babako

Changamwe, 14 Mei 1948

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umeona sasa? Barua fupi, nzuri, hata wenzangu wameisifu. Ningekuja leo hii, lakini kesho Bwana ana wageni na ameniomba nibaki. "Erastus, plizi." Nimeshindwa kumkataa. Nitafika Jumatatu. Mwambie mama avumilie.

Mwanao,
Erastus Kahindi

Utange, 16 Mei 1948

Bwana Erastus,

Salamu. Sisi hatujambo. Mama Kahindi tulimzika jana. Ijumaa mlango ulilia, akauliza kama ni mwanawe. Nikamwambia ndiye. Akanyoosha mkono, Kalama akaushika, wala Kalama hakusema neno mpaka mwisho, sauti isije ikamfichua.

Jumatatu usije, plizi. Matangani pia usije, plizi. Nadhani mara hii nimeandika vizuri.

Ngumbao