Sarafu ya Pili Nimeikataa

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Usininunie. Najua nimekaa kimya mpaka ukadhani nimesahau kuandika. U mzima? Mguu umepona? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mtoto ameota meno mawili na ananing'ata bila huruma.

Ile sarafu ya ukumbusho niliyokutumia, ya kanisa kutimiza miaka mia, uliitazama vizuri? Yule mama mwenye duara la nuru kichwani ni mimi! Mchongaji ninayemfagilia karakana aliniomba nikae na mtoto mapajani, aninakili kwenye plasta ya kutengenezea sarafu. Watu wanausifu utulivu wa ule uso. Dada, nilikuwa nimesinzia. Sasa mama mkwe akiniita jikoni husema, "Mtakatifu, vyombo vinakungoja."

Tulicheka hadi wiki iliyopita. Mchongaji kapata kazi ya sarafu nyingine, ya watoto wachanga waliouawa na Herode. Nikakaa tena. Mtoto alipolala, mchongaji akamfunika shuka nyeupe mpaka kidevuni, akaniambia niuachie mkono wake uning'inie. Niliutazama ule mkono. Nikaivuta shuka, nikasimama.

"Mama, hii ni sanamu tu!"

"Sanamu yako, mtoto wangu."

Akasema basi, ufagio niuache mlangoni, atatafuta mama mwingine. Nikauacha.

Baba mtoto amenuna, eti kazi imekwenda kwa ajili ya shuka. Anasema Mungu hadanganyiki na plasta. Kweli. Lakini mikono yangu je? Imeshajifunza kumbeba vile, na haitaki kusahau. Akilala mchana naacha kufua, naenda kumwekea kiganja kifuani. Narudi kwenye beseni, naenda tena. Hata barua hii nimeiacha na kuirudia sijui mara ngapi. Niombee, ila usiniambie nirudi kule. Sirudi.

Nisalimie Shangazi, Mjomba na yule binamu mwenye maneno mengi. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi.

Mdogo wako akupendaye kwa ubishi wake wote.

Kabla sijafunga bahasha: nimeifufua cherehani ya Mama, nitashona sare za shule. Nitumie mkanda wa kuizungusha, sindano za namba kumi na sita, uzi mweusi na wa bluu, mafuta ya cherehani, na kofia ya mtoto. Saizi usikisie. Kipande cha uzi kilichomo humu ndicho mzunguko wa kichwa chake leo. Ongeza vidole viwili, maana anakua.