Mgeni Wangu na Mtani wa Buchani

Awa, yale maelekezo tunayowatumia wageni wanaokuja Segu, tumesahau jambo kubwa.

Leo nimempeleka mgeni wangu Henrik sokoni. Keita wa buchani kuniona tu, kaanza: "Kulibali mla maharage, nyama utaiweza wewe?"

Henrik akamkunja shati. Akamkunja, Awa, mbele ya soko zima. "Muombe dada radhi."

Namwambia huyu mtani wangu, sisi ukoo wa Kulibali wote hutaniwa kuwa wala maharage, hasikii. Polisi akaja, akaniuliza jina. Nikasema Kulibali.

Basi akaniangalia mimi. "Kumbe kesi yenyewe ya maharage."

Soko likaangua kicheko.

Andika sasa hivi: mgeni akisikia mwenyeji wake anatukanwa, acheke kwanza.

Henrik ameshachelewa. Keita kampa jina, Kulibali, naye anashukuru.