Walivyomjibu Peris Kikaoni Kitale

Arafa, uko? Nimetoka kwa kile kikao cha kaunti hapa Kitale.

Niliongea vizuri, haki. Nikasema tunataka sera: kila mama mjamzito akija kliniki aelezwe pombe inaharibu ubongo wa mtoto tumboni, na watoto walioathirika wasaidiwe shuleni.

Mwenyekiti akacheka. Ati, "Madam, hii pombe yetu ya busaa ni chakula. Mama zetu walikunywa na sisi tuko na akili." Ukumbi mzima ukacheka, Arafa. Mzima!

Halafu Peris akasimama. Yule mama wa Saboti nilikuja naye, mwenye kijana anayepotea njia hata akienda shule. Mimi sikumwomba aongee.

Akasema, "Nilikunywa busaa nikiwa na mimba ya kijana wangu. Kliniki walinipima, wakanipa dawa za kuongeza damu. Hakuna mtu alinikataza."

Watu wakageuka kumtazama. Nikadhani sasa wamesikia.

Mwanamume mmoja akapaza sauti huko nyuma: "Kumbe ni wewe uliharibu mtoto!"

Na mwenyekiti, bana, mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali! Akasema, "Tuendelee na mambo ya barabara."

Barabara!

Nimempata Peris nje, ameegemea ukuta. Ameniuliza, "Phelista, si ulisema ni serikali haikutuambia? Mbona wanasema ni mimi?"

Nimemshika tu.

Anaogopa kurudi nyumbani, ati mtoto atamwangalia. Bado tuko hapa nje. Arafa, nimwambie nini?