Masomo Yanaanza Saa Mbili na Nusu

Kansas, 28 Agosti 1994

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo unasemaje? Sisi wazima, ila Hal anaota meno na nyumba nzima inaota naye. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako na simu hayapatani tena, na jambo lenyewe sitaki kulipigia kelele.

Nimewatoa watoto shuleni.

Shule ya hapa ilifungwa mwezi wa tano, unajua. Basi la kwenda shule mpya linachukua saa moja na dakika kumi, na kurudi vilevile. Everett ana miaka saba, Tilda mitano. Roy kasema, "Fanya unavyoona, mke wangu. Mimi nina ngano ya kupanda."

Jumamosi nilikwenda ukumbi wa kanisa, akina mama wanaofundisha nyumbani walikuwa wanauza vitabu. Meza hadi mlangoni. Mmoja ananiambia wasomee hadithi nzuri, watembeze mashambani, watajua tu. Mwingine ana vitabu vya mazoezi: jaza, geuza, jaza. Nikachukua sanduku. Lina masomo ya mwaka mzima, siku kwa siku, na maneno ya mwalimu yamechapwa kwa wino mwekundu, mimi ni kuyasema tu. Ratiba nimeibandika kwenye friji: saa mbili na nusu sala, saa tatu kasorobo kusoma, saa tatu na robo hesabu.

Najua umefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Mwanao,
Lorna

Minnesota, 5 Septemba 1994

Mwanangu Lorna,

Barua imefika. Mgongo upo, ndio unaonibeba. Hal mpe kitambaa kibichi kilichokaa kwenye barafu, atafune.

Nimefika mwisho wa barua, kisha nikakasirika.

Mwanamke mmoja, watoto watatu na mashine ya kufulia si shule. Mimi nilikuwa na watoto ishirini na saba, lakini nilikuwa na mlango wa kufunga. Wewe una mlango gani? Na hilo sanduku, kila mwaka alikuja kijana mwenye tai kutuuzia sanduku kama hilo. Tulimpa kahawa akaenda zake.

Lakini kama umeshaamua, kusoma kuwe kwanza, kabla ya sala hata. Mungu anasubiri, akili ya mtoto haisubiri. Everett asome kwa sauti kila siku, ukurasa mmoja, bila kukuangalia usoni. Ukimwona anakuangalia, anabahatisha.

Wabusu wote, na Roy msalimie.

Mama yako

Kansas, 16 Oktoba 1994

Mama mpendwa,

Natumai baridi haijakuanza vibaya. Huku upepo tu, na mtama wa Roy bado uko shambani. Mwanzoni mwa mwezi, alipokuwa anapanda ngano, alilala nyumbani kama mgeni.

Nilitaka nikuandikie mambo yakinyooka. Hayajanyooka.

Tulipaswa kuwa somo la thelathini na tano. Tuko la kumi na nane. Saa mbili na nusu haijawahi kuwa saa mbili na nusu. Hal anatambaa chini ya meza, kuku wanatoka, jirani anakuja kuazima pampu, na Tilda anataka chooni kila nikisema neno hesabu. Hayo nayaweza. Nisiyoyaweza ni Everett.

Ulisema kweli, ananiangalia usoni. Jumanne nilifunika picha kwa kiganja.

"Soma, Everett."

"Nimeshasoma."

"Umesoma nini?"

"Mbwa anakimbia."

"Hakuna mbwa hapa."

"Yupo, umemfunika!"

Tilda akainua kichwa kutoka kwenye rangi zake, akasoma sentensi yote, bila kufundishwa na mtu. Everett hakulia. Alikifunga kitabu polepole, akatoka. Jioni nilikikuta kitabu kwenye pipa la chakula cha kuku, kimefukiwa vizuri kabisa.

Nilimpigia kelele, Mama. Nilipiga meza mpaka uji ukamwagika. Nimechoka hadi kwenye nywele. Niambie, uliwafanyaje watoto kama hawa?

Mwanao,
Lorna

Minnesota, 22 Oktoba 1994

Mwanangu Lorna,

Pole kwa uchovu. Hapa theluji ya kwanza imeshaanguka.

Watoto kama hawa nimewaona wengi. Ni uvivu. Mtoto mwenye akili ya kufukia kitabu ana akili ya kukisoma. Umemdekeza, na nyumbani kuna pa kukimbilia. Mkalishe kwenye kaunta ya jikoni, weka saa ya kuokea mikate dakika ishirini, asiinuke mpaka ilie. Tilda asimsaidie. Wiki tatu tu, utaniambia.

La sivyo mrudishe kwenye basi.

Mama yako

Minnesota, 20 Novemba 1994

Mwanangu,

Mwezi sasa sijapata neno. Hamjambo? Nawatumia glavu za watoto. Za Tilda nimezikosea kidole gumba, avae hivyo hivyo.

Mama yako

Minnesota, 18 Desemba 1994

Lorna,

Zawadi za Krismasi hamkuzipata? Posta wanasema zimefika. Nilikwenda kwa jirani, mwanawe akakupigia simu kwa niaba yangu. Roy akasema mko wazima, una kazi nyingi. Roy hajui kudanganya. Kama nimekosa, nitukane, lakini andika.

Mama

Kansas, 15 Januari 1995

Mama,

Tuko wazima. Zawadi zilifika, asante. Hal anatembea.

Barua yako ya Oktoba niliisoma mara nne, maana mara moja hainitoshi. Hainitoshi kwa barua yoyote. Nilifanya ulivyosema. Nilimweka Everett kwenye kaunta, nikategesha saa. Siku ya tatu nikamwona anaitazama ile saa, si kitabu, na mikono ameikalia. Mama, nikajiona mimi. Miaka minane, gauni la njano, kaunta yako, nawe unaosha vyombo umenipa mgongo, unasema, "Mvivu hana chakula cha jioni."

Nilikuwa mvivu, Mama?

Sijawahi kukwambia kwa nini nilichagua sanduku. Si kwa sababu ni zuri. Ni kwa sababu ya yale maneno mekundu. Kila asubuhi naamka kabla ya watoto, nayasoma mara tatu, na kidole chini ya mstari, ili wakiamka nisikwame mbele yao. Mimi, binti yako, binti wa Verna, mwalimu wa kusoma. Ndiyo maana mpaka saa mbili na nusu nimeshachoka.

Sitaki ushauri. Nataka jibu.

Lorna

Minnesota, 24 Januari 1995

Mwanangu,

Sikuulizi hali, nimeijua.

Hukuwa mvivu. Nami nilijua.

Ulipokuwa darasa la pili, mwalimu wako, Bi Eunice, alikuja darasani kwangu watoto wameshaondoka. Akasema kuna mtaalamu mjini, anawapima watoto ambao herufi haziwakai kichwani. Akasema, "Verna, mpeleke, mapema ni bora." Nikamwambia ashughulike na darasa lake. Tulikuwa tunafundisha jengo moja. Wazazi wa mji mzima walikuwa wananiletea watoto wao niwafundishe kusoma, na wa kwangu hajui. Niliona aibu, Lorna. Eunice hakulitaja tena, na mimi nilimshukuru kwa hilo.

Nikakuita mvivu kwa sababu mvivu anaweza kuacha uvivu. Lile jingine nilidhani haliachiki.

Na Oktoba, ulipoandika habari za Everett, nilijua tena, kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nikachukua kalamu nikaandika nilichoandika. La kwako naweza kusema sikuwa na elimu ya mambo hayo. La Everett sina la kusema.

Umesema hutaki ushauri, sikupi. Nisamehe ukiweza. Nikitakiwa, nitakuja.

Mama yako

Kansas, 12 Machi 1995

Mama,

Natumai hii inakukuta unatembea. Nimekaa na barua yako wiki sita. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira kiasi kwamba Roy alikula mezani ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja dirisha. Sijamaliza, nakwambia kweli. Inarudi nikiwa naanika nguo.

Lakini nilimpeleka Everett mjini kwa mtaalamu, pamoja na Hal, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Mtaalamu mwenyewe, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alikaa naye asubuhi nzima. Kisha akasema ni kweli, anayo ile shida ya herufi zisizokaa, na inatibika kwa mafundisho, polepole. Halafu akanitazama nilivyoshika karatasi ya majibu, kidole chini ya mstari, akauliza, "Na wewe je, nikupime?" Nikakubali. Everett akanisubiri nje anakula biskuti.

Kwenye gari akaniuliza, "Umefeli?"

"Tumefeli sawa."

"Lakini wewe si ndiye mwalimu!" Akacheka mpaka Hal akaamka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mavuno.

Sanduku nimempa jirani. Ratiba nimeitoa kwenye friji. Sasa tunalisha kuku kwanza. Kisha Everett na mimi tunamwaga unga wa mahindi kwenye sinia la kuokea, tunaandika herufi kwa kidole, tunazisema, tunazifuta. Dakika kumi na mbili, si zaidi. Tilda anasoma peke yake chumbani kama malkia. Hesabu tunaifanya kwa mayai. Mchana nawasomea hadithi, kwa sauti, nikikwama nakwama mbele yao. Siku zingine hatufanyi hata hayo. Jana hatukufanya lolote, tuliangalia upepo. Sijui kama ni shule. Vuli nitampeleka kwa yule mama mara mbili kwa mwezi, na kama basi litamfaa baadaye, atapanda basi.

Njoo. Njoo Aprili, theluji yenu ikiyeyuka. Utalala sebuleni. Vyombo vya kuosha viko vingi. Kuanzia tukimaliza kuku mpaka saa tano, usiseme neno.

Everett ameuliza ukija utakuwa bibi au mwalimu. Nimemwambia sijui, aje akuulize mwenyewe, nawe umjibu.

Mwanao,
Lorna